Shukrani kwa aliyenifungua mkono

Wahusika niliowachora walikuwa wamekakamaa kama milingoti, hata waliopaswa kuwa wanakimbia. Ukaja wewe, ndugu usiyetaka kutajwa, ukaomba kuiona michoro yangu. Juu ya kila mchoro ulipitisha mstari mmoja tu uliopinda, kutoka kichwani hadi kisiginoni, ukasema mwili wote uufuate huo. Kisha ukanionyesha: mabega yakiinamia huku, nyonga ziinamie kule, ngumi inayomjia mtazamaji ichorwe kubwa kuliko kichwa. Uso na nguo hukuvigusa kabisa, ulisema hayo ni ya baadaye. Ukaweka saa, sekunde 30 kwa kila mkao, ukakaa ukichora pamoja nami. Sasa mrukaji wangu anaruka kweli. Asante sana. Nanyi wenye ujuzi, mkimwona anayeanza, kaeni naye hivyohivyo.