Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Afya: fedha za utafiti zitangulie mlipuko

Ndugu Katibu Mkuu,

Mtakapoketi na wafadhili wa nje kuhusu utafiti wa magonjwa ya mlipuko, tunaomba muulize kwanza fedha zitafika lini, ndipo muulize ni kiasi gani.

Uganda wameyaona yote mawili, kuchelewa na kuwahi. Ebola ya Sudan ilipotangazwa Septemba 20, 2022, dozi za kwanza za chanjo ya majaribio zilitua Desemba, wagonjwa wameshakwisha na hakuna wa kumchanja. Ilipotangazwa tena Januari 30, 2025, jaribio la chanjo lilianza Februari 3, kwa sababu dozi zilikuwa Kampala tayari na itifaki, yaani mpango wa utafiti, ilishaandikwa. Rwanda nao walitangaza Marburg, homa ya jamii moja na Ebola, Septemba 27, 2024, na Oktoba 6 wahudumu wa afya wakaanza kuchanjwa.

Huku kwetu Tanzania kuna Tunduma, mpakani na Zambia, na Kasumulu, mpakani na Malawi, ambako foleni ya malori haiishi. Itifaki za Marburg, Homa ya Bonde la Ufa na kipindupindu ziandikwe sasa, zipite kamati ya maadili ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), kisha zikae kabatini zikibakiza nafasi ya tarehe na eneo tu. Mkataba wa kusafirisha sampuli nje utiwe saini mapema, ukitaja sehemu ya kila sampuli itakayobaki nchini. Ukingoja mlipuko, wanasheria watavutana wakati mgonjwa keshapona au keshazikwa. Makubaliano ya WHO ya Mei 2025 kuhusu magonjwa ya mlipuko ya dunia yaliliacha suala la kugawana vimelea na faida zake kwenye kiambatisho cha kujadiliwa baadaye, msikisubiri.

Panapouma zaidi ni gharama za uendeshaji. Mfadhili hununua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri bila kusita, maana inapendeza kwenye picha. Dizeli haipendezi. Na jenereta lake hupimwa kwa hesabu za Dar es Salaam, usawa wa bahari: injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, na Mbeya iko mita 1,700 hivi. Moja ya sita imeyeyuka kabla hamjawasha taa. Umeme ukikatika, friza mbili zikitaka kuwaka kwa pamoja, jenereta linazima.

Kuna na vumbi la kiangazi. Likiziba kichujio cha friza, kompresa haipumziki mpaka inaungua. Kukisafisha kila mwezi ni kazi ya dakika 10, ila anayeifanya mara nyingi huondoka mkataba wa mradi ukiisha.

NIH, mfadhili wa utafiti wa afya wa serikali ya Marekani, imezoea kuzipa taasisi za nje asilimia 8 kwa gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za kuendesha taasisi, kama umeme na utawala. Miradi ya Horizon, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, hutoa 25. Ingieni mezani na namba hizo mkononi, na mkatae mashine isiyo na fungu la fundi, vipuri na mafuta.

Mwisho, fedha hizo zilipie zoezi moja kila mwaka: sampuli bandia iondoke Tunduma saa 12 asubuhi bila taarifa, tuone inafika maabara Mbeya saa ngapi, ikiwa nyuzi ngapi, na nani kaipokea.

Ni sisi,
Watafiti na wataalamu wa maabara, Nyanda za Juu Kusini