Barua ya wazi kwa vijana wa vijiwe vya Tanga: mpaka hamuujui, matusi mnayajua

Wanangu wa Ngamiani, Chumbageni na Sahare,

Salamu za heri kwenu. Nawaandikia nikiwa na hasira na sitaificha. Juzi kwenye kijiwe kimoja cha kahawa, ubishi wa bei ya mafuta ukageuka ubishi wa bandari, Mombasa na Tanga ipi zaidi. Kijana mchuuzi wa ng'onda akaitetea Mombasa. Akaambiwa, "Rudi kwenu Kenya!" Mkacheka. Yeye akajitwika kapu lake akaondoka, hata kahawa hakuimaliza.

Kijana yule ni Mdigo wa Vanga, upande wa Kenya karibu kabisa na mpaka. Bibi yake mzaa mama kazikwa Moa, wilaya ya Mkinga, mkoa huu huu. Aliyemfukuza, wazee wake walikuja Tanga kukata mkonge kutoka mbali kuliko Vanga. Wala si aibu, mji huu umejengwa na watu wa kila upande. Aibu ni kumwita mgeni mtu ambaye mpaka ndio uliomkuta nyumbani kwake.

Mnajua mpaka huo ulipatikanaje? Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwa barua, huko huko Ulaya: mstari uanzie mdomo wa mto Umba, uende moja kwa moja hadi ziwa Jipe, uuzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha unyooke hadi ziwa Victoria kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Hakuulizwa Mdigo, hakuulizwa Msegeju, hakuulizwa Mmasai. Sultani wa Zanzibar akaachiwa ukanda wa pwani wa maili 10, na kufika 1890 sehemu ya huku nayo ikawa mikononi mwa Wajerumani. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani hao hao wakaja kupigana hapa hapa mjini, na Januari 1915 wakauana Jasini, karibu na mpaka huo.

Na mstari haukuishia ziwani. Uliendelezwa magharibi kwa digrii ile ile, ukaacha kipande cha nchi yetu kaskazini ya mto Kagera. Mwaka 1978 Idi Amin wa Uganda akasema kipande kile ni chake. Waliokwenda kukikomboa walikuwa vijana wa umri wenu, na wengine hawakurudi.

Ndiyo maana viongozi wa Afrika walipokutana Cairo mwaka 1964, Mwalimu Nyerere akiwa mstari wa mbele, waliamua kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru. Waliona kwamba ukiugusa mmoja, yote itawaka. Nami nauheshimu mpaka wa Horohoro. Pale tunaonyesha pasi na kulipa ushuru. Lakini hakuna afisa wa forodha anayepima undugu wa mtu, sembuse nyie mliokaa kwenye benchi!

Mengine ya ramani nayataja kwa haraka. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli karibu na Bab el Mandeb, mlango wa kuingilia Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zilizungusha meli zao Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Safari ikarefuka, bima ikapanda, na gharama hiyo huishia kwa mnunuzi. Hormuz, kati ya Iran na Oman: kiasi cha moja ya tano ya mafuta ya dunia hupita mlango ule mwembamba. Ethiopia: watu zaidi ya milioni 100, hawana pwani tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993. Ziwa Nyasa: Malawi wanashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, unaoweka mpaka kwenye ufuo wetu, sisi tunasema mpaka upite katikati ya maji. Habari kama hizo zikitajwa redioni, fungueni ramani kwanza. Simu mnazo.

Lawama si yenu peke yenu. Shule zetu zimeifanya jiografia kuwa somo la kukariri majina ya mito na miji mikuu, mtihani ukipita yanasahaulika. Na wanasiasa wetu wanapenda msikilizaji asiyejua ramani, maana huyo hashawishiwi kwa hoja, anashawishiwa kwa kelele.

Sasa bomba la mafuta, mnalojivunia kana kwamba tumeokota. Uganda haina bahari. Mwaka 2016 iliacha njia ya Kenya ikachagua Chongoleani, hapa Tanga, baada ya kupima gharama, usalama na bandari. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu. Mafuta yenyewe yana nta, lazima yapashwe moto njia nzima yasigande. Hisa je? TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, Uganda 15, Tanzania 15, CNOOC ya China 8. Hesabu hizo sijazisikia kijiweni hata siku moja.

Basi diwani akija kuomba kura, msimuulize habari za Mombasa. Muulizeni ushuru wa huduma, ule ambao halmashauri hutoza kampuni, unaotokana na kazi za Chongoleani ni kiasi gani, na umejenga nini.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga