Tuhesabu miti iliyoshika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaojitolea kupanda miti kwenye ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Tangu serikali itangaze, mwishoni mwa 2022, azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, vikundi vya kujitolea vimeongezeka, nami nalishukuru hilo kwa moyo wote. Linaloniumiza ni yanayoipata miche baada ya sisi kupanda magari na kurudi mjini.

Januari nilirudi karibu na Dunga, mahali ambapo kikundi chetu kilikuwa kimepanda Novemba. Niling'oa mkwaju mmoja uliokauka, nikakuta mizizi yake imejikunja ndani ya kiriba cha plastiki ambacho hakuna aliyekichana. Wa pili ulikuwa vivyo hivyo, na wa tatu pia. Michache iliyopandwa vizuri ilikuwa imetafunwa na mbuzi hadi ikabaki vijiti. Haraka yetu ya kumaliza shehena nzima kabla ya saa sita mchana ndiyo iliyoiua.

Aina ya mti nayo ina uzito wake. Mkaratusi hukua upesi na hupatikana katika kila kitalu, lakini asili yake ni Australia, hunywa maji mengi, na haufai kando ya ziwa wala mito. Mkuyu, mkwaju na ule ambao Wajaluo huuita siala ni wenyeji wa huku. Mizizi ya mkuyu hushikilia kingo zinazomomonyoka, na matunda yake huliwa na ndege na popo ambao huzitawanya mbegu. Penye maji yaliyotuama pasipandwe mti wowote: mafunjo yaachwe, kwani ndiyo yanayochuja tope linaloletwa na mito kama Nyando, na ndimo samaki wachanga wanamojificha. Tukumbuke pia jinsi ziwa lilivyofurika mwaka 2020, tupande juu ya mahali maji yale yalipofika.

Ombi langu ni kwamba kila mtu apewe miche mitano tu, aizungushie miiba, aimwagilie maji wakati wa kiangazi, na viongozi wa vikundi wanapotoa hesabu wataje iliyo hai baada ya kiangazi hicho. Mvua za masika zikianza tutapanda upya pale Dunga, na mwenye miche ya siala au mkuyu tunamkaribisha.

Mkazi wa Dunga,
Kisumu