Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Chama cha Usalama wa Mtaa, Nakuru

Ndugu wanachama,

Mwaka huu doria za usiku ziliendelea, vikao na chifu vilifanyika, vichaka vilifyekwa na filimbi zikagawiwa kila nyumba. Hayo mnayajua.

Lililozua maneno ni uamuzi wa kamati kutumia shilingi 180,000 za akiba kuweka taa katika vichochoro vya kuelekea steji ya matatu, badala ya kujenga geti la kufungwa saa tatu usiku. Nimesemwa sana, hata na watu ninaowaheshimu, kwa hiyo naomba kujieleza. Tangu wanawake walipouawa kule Mawanga, katika kaunti yetu ya Nakuru, mwaka 2022, hofu haijatutoka. Giza likiingia tu, kila mtu anajifungia. Mama mboga anafunga kibanda kabla wateja hawajarudi kutoka kazini, na njia ikishabaki tupu, anayeifaidi ni mhalifu, kwa kuwa hakuna wa kumwona. Geti lingewakinga wenye nyumba za ndani na kuwaacha nje wapangaji wa kando ya barabara, ambao nao ni wanachama. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa nchini mwaka 2013, unatutaka tujuane na majirani, nasi hatuwezi kujuana na watu tuliowafungia nje. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfuatilia fundi hadi taa zikawaka. Sidai kwamba wizi umekwisha, lakini vibanda sasa vinauza hadi saa mbili na nusu na akina mama wanatembea bila kusindikizwa.

Linalonisikitisha ni mahudhurio. Mkutano wa Agosti uliahirishwa kwa kukosa akidi, ilhali wale wale wasiofika ndio wanaosambaza usiku habari za wezi wasizozithibitisha. Kwa habari ya namna hiyo, kijana aliyekuja kumtembelea shangazi yake aliponea chupuchupu kupigwa na umati. Ada ni shilingi 200 kwa mwezi, na kati ya nyumba 140 ni 61 tu zilizokamilisha, malimbikizo yakiwa shilingi 94,000. Walinzi wanadai mshahara wa mwezi uliopita, na hao ndio wanaokesha mvuani wakati sisi tumelala.

Mwaka ujao tunatarajia kuongeza taa upande wa bondeni na, Mungu akipenda, kuiomba serikali ya kaunti ituwekee mulika mwizi, yaani taa kubwa ya mlingoti mrefu, karibu na shule, fedha zikipatikana.

Mwenyekiti