Kabla ya kununua sinki jipya la choo, mwaga ndoo moja ya maji

Hivi karibuni tuliitwa kwenye nyumba moja Tabata. Mama mwenye nyumba alikuwa amebadilisha sinki la choo mara mbili, na bado akiflashi maji yanazunguka tu, karatasi inaelea, anasubiri tanki lijae aflashi tena. Alitaka tumfungie la tatu, "safari hii la bei kubwa kidogo." Tukamwomba ndoo.

Ndoo ndiyo kipimo chetu cha kwanza, na wewe mwenyewe unaweza kukifanya leo bila fundi. Chukua maji lita 10 hivi, uyamwage ndani ya sinki kwa mkupuo mmoja. Yakishuka yote kwa kishindo na kuondoka na uchafu, njia ya kutokea ya sinki na bomba lako ni nzima. Tatizo liko juu, kwenye tanki la flashi au matundu ya ukingo wa sinki. Yakipanda mpaka karibu na ukingo, kisha yakashuka kwa kujivuta, tatizo liko chini. (Kama sinki tayari limejaa, usiongeze maji. Hapo jibu umeshalipata.)

Tuanze na juu. Wateja wengi hutuambia presha ya maji ni ndogo, na wapo waliojenga mnara mrefu zaidi wa simtanki kwa ajili ya choo tu. Pesa hiyo imepotea. Choo chenye tanki hakitegemei presha ya bomba. Kinategemea maji mengi kushuka kwa pamoja ndani ya sekunde chache. Presha ndogo inachelewesha tanki kujaa, basi.

Kwa hiyo fungua mfuniko uangalie maji yamefika wapi. Yanatakiwa yawe kama sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia (lile lililosimama wima ndani ya tanki), na matanki mengi yana mstari wa alama kwa ndani. Yakiwa chini zaidi, pandisha boya: mengine yana skrubu, mengine unapinda mkono wake taratibu. Ukikuta tofali au chupa ya maji imewekwa humo ili kubana matumizi, itoe. Tanki la zamani la lita 9 au zaidi lilivumilia ujanja huo. La siku hizi linatoa lita 6 kwa kitufe kikubwa na 3 kwa kidogo, na sinki lake limetengenezwa kwa kiasi hicho hicho. Angalia pia ile raba ya chini: kama inajifunga kabla tanki halijamwaga maji yake, mara nyingi ni mnyororo uliolegea au raba iliyochoka. Ni kazi ya dakika chache.

Tanki likiwa sawa na choo bado kivivu, pitisha kioo kidogo chini ya ukingo wa sinki. Kuna matundu pale ambayo maji hupitia. Kwa nyumba za Dar zinazotumia maji ya kisima, tunayakuta yameziba kabisa. Watu husema ni chumvi. Kwa kawaida ule ugumu mweupe ni chokaa inayoachwa na maji magumu. Mimina siki ya uvuguvugu kwenye bomba la kufurikia ndani ya tanki, ilale usiku kucha bila mtu kuflashi, asubuhi chokonoa kila tundu kwa waya. Usitumie maji yanayochemka, sinki linaweza kupasuka. Na tafadhali sana: siki au asidi yoyote isikutane na Jik. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, na choo cha kwetu kina kidirisha kimoja, tena kidogo.

Sasa chini. Ile kona iliyopinda nyuma ya sinki ndiyo inayoshika maji ili harufu isirudi ndani. Fundi saa mmoja Mskoti, Alexander Cumming, ndiye aliyeisajili London mwaka 1775, na mpaka leo hatujapata kitu bora zaidi. Lakini kinachozuia harufu kinazuia pia pampasi, pedi, kikopo cha mtoto na vile vitambaa vya kufutia watoto, hata vilivyoandikwa kwamba vinaweza kuflashiwa. Mpira wa kuzibulia unatosha kwa vingi. Ukishindwa baada ya kujaribu mara kadhaa, usisukume kwa fimbo au nondo. Tumeshabadilisha masinki yaliyotobolewa hivyo.

Vyoo vyote vikizubaa kwa pamoja, na bafuni sakafu inabubujika ukiflashi, acha sinki, nenda kwenye chemba na shimo. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ardhi ya mabondeni inakuwa imeshiba na shimo halina pa kupeleka maji. Gari la kunyonya litakupa nafuu ya siku chache, kisha yanarudi. Tunapenda kumwambia mteja hilo kabla hajalipa. Kama shimo halijajaa na bado kunabubujika, tunatazama bomba la hewa juu ya paa: kuna nyumba halikuwekwa kabisa.

Turudi Tabata. Tulimwaga ndoo, maji yakapanda. Tulipofungua chemba tukaingiza waya kutoka upande ule, ukagota mita moja tu kutoka chooni. Lilikuwa donge la saruji, la mafundi waliobandika vigae: walisafishia vyombo vyao chooni, na saruji ikagandia ndani ya bomba la inchi 4. Tulikata kipande hicho, tukaweka kipya chenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na sinki lake la pili likabaki pale pale. Lile la kwanza lipo uani, zima kabisa. Amelipandia mchicha.

Ukitupigia simu, swali letu la kwanza litakuwa maji ya ndoo yalishuka au yalipanda. Ukiwa na jibu, fundi atatoka ofisini na vifaa vinavyotakiwa, na hutalipia safari ya pili.