Siti ya Abiria Tupu, Kengele ya Mkanda Inalia: Kabla Hujamwambia Fundi Akate Waya

Kama unaendesha Sienta, Noah, Note au Fit ya miaka ya karibuni, huenda hali hii unaijua. Uko peke yako garini, siti ya kushoto haina mtu, lakini ukishavuka matuta na kushika mwendo, taa nyekundu ya mkanda wa abiria inaanza kuwaka na kuzima, kengele inafuatia. Wapo wanaoongeza sauti ya redio. Wapo wanaofunga mkanda juu ya siti tupu na kuuacha hivyo mwaka mzima. Na wapo wanaokwenda kwa fundi yeyote aliye karibu na kumwambia, "Kata tu huo waya, nimechoka."

Hao wa mwisho ndio wanaotutia kazi sisi wa gereji, kwa sababu gari likishakatwa waya huja kwetu likiwa na matatizo mawili badala ya moja: kengele haisikiki tena, na taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, haizimiki. Kwa hiyo tumeona tueleze kengele hii inafanyaje kazi, nini hasa huharibika, na kipi unaweza kukipima mwenyewe nyumbani bila kumlipa mtu.

Tuanze na kelele ambayo si ubovu. Gari halijui kwamba kilichokaa pale ni mtu. Linachojua ni kwamba siti imekandamizwa. Mkoba wenye laptopu, mfuko wa mchele, ndoo ya samaki kutoka soko la Feri, mtungi mdogo wa gesi unaopelekwa kujazwa, vyote kwa sensa, kile kifaa cha ndani ya siti kinachohisi uzito, ni abiria asiyefunga mkanda. Vitabu vya Toyota vinasema wazi kwamba mzigo kwenye siti ya abiria unaweza kuwasha taa hiyo hata kama hakuna mtu. Vinasema na la upande wa pili, ambalo watu wengi hawalijui: mto ukiwekwa juu ya siti, sensa inaweza isimtambue kabisa mtu aliyekalia. Mama mmoja anaweza kukaa juu ya mto wake wa mgongo kila siku, kengele kimya, akadhani gari ni zima. Kwa hiyo hamisha mzigo uende nyuma au kwenye buti, halafu ndipo ulihukumu gari.

Kwenye Toyota nyingi, mlio huanza gari linapofika mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Hulia kwa sekunde 30, kisha kama mkanda bado haujafungwa hubadilisha sauti na kuendelea kwa sekunde nyingine 90. Ndiyo maana mtu akiwa kwenye foleni ya Ubungo hasikii kitu, akishaingia barabara nyeupe kelele zinaanza, naye anatuambia "inalia nikikimbia tu." Mwendo hauna kosa hapo. Gari limepangwa hivyo.

Gari linajuaje kuna mtu

Chini ya kitambaa cha siti, juu ya sponji, kuna karatasi mbili nyembamba za plastiki zilizochapwa njia za umeme. Zimetenganishwa kidogo sana, na mahali penye matundu zinatazamana. Mtu akikaa, uzito unazigusanisha, umeme unapita, kompyuta inajua siti imekaliwa. Kisha inauliza swali la pili: je, ulimi wa mkanda, kile chuma cha kuchomeka, umeingia kwenye kifungio? Jibu linatoka kwenye swichi ndogo iliyo ndani ya kile kifungio chenye kitufe chekundu. Siti imekaliwa na ulimi haujaingia, kengele inalia. Basi, mfumo wote ni huo, pamoja na waya zinazopita chini ya siti na soketi zinazoziunganisha.

Sasa unaweza kupima. Ondoa kila kitu kwenye siti ya abiria, pamoja na kava nzito au mto kama upo. Washa swichi bila kupiga stata na utazame taa ya abiria. Kwenye magari mengi haiko pamoja na taa za dereva. Iko katikati ya dashibodi, karibu na saa, au juu penye taa ya ndani. Kama inawaka siti ikiwa tupu, funga mkanda wa abiria hivyo hivyo bila mtu. Ikizima, kifungio kiko sawa na tatizo ni sensa ya siti, inayodhani kuna mtu. Isipozima, mbali na sensa, shuku pia kifungio au waya zake. Baada ya hapo sogeza siti mbele na nyuma hadi mwisho ukiitazama ile taa. Ikicheza, yaani iwake na kuzima siti inaposogea, kuna waya uliochoka au soketi iliyolegea huko chini. Mpe fundi majibu ya vipimo hivi na utamwokolea muda, nawe utajiokolea pesa.

Halafu kaa wewe mwenyewe, au mkalishe mtu mzima, bila kufunga mkanda, gari likiwa limesimama. Taa isipowaka kabisa, hilo nalo ni ubovu, na kwetu ni ubovu mkubwa zaidi kuliko ile kengele ya bure, ingawa hakuna mteja anayekuja kulalamika kwamba gari lake limenyamaza.

Siti zilizoshonwa upya

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu kwa magari ya mjini ndicho chanzo tunachokikuta sana kuliko vyote. Gari linatoka Japani na siti za kitambaa, mwenye gari anataka za ngozi. Analipeleka kwa fundi wa siti, na wengi wao ni mafundi wazuri wa kushona. Lakini ile karatasi ya sensa inaonekana kama takataka ya plastiki iliyogandishwa kwenye sponji. Tumeshafungua siti tukakuta imekunjwa katikati ili kava likae vizuri. Tumekuta pini ya kubania kava imeitoboa. Tumekuta imetolewa kabisa, na soketi yake imefungwa kwa soltepu na kusukumwa chini ya kapeti. Karatasi iliyokunjwa hugusana yenyewe, na gari linalia milele. Iliyotolewa hunyamaza, na mwenye gari anasema fundi wa siti amemwondolea na kelele pia.

Ukipeleka siti kushonwa, mwambie fundi neno moja tu: siti ya abiria ina sensa, isikunjwe wala isichomwe pini. Umwombe pia asichomoe soketi za chini ya siti swichi ikiwa imewashwa. Kazi ikiisha, fanya vile vipimo vya hapo juu kabla hujalipa.

Maji ni chanzo kingine. Juisi ya mtoto, maziwa, mvua iliyoingia dirisha likiwa wazi, na zaidi ya yote uoshaji wa ndani wa kumwaga maji na sabuni kwenye siti. Unyevu ukiingia kwenye soketi, kutu ya kijani inaota kwenye pini zake. Siti iliyooshwa Jumamosi na kuanza kulia Jumatatu mara nyingi inahitaji kukauka tu. Iache juani milango ikiwa wazi kabla hujaenda popote. Gari lililoingia maji ya mafuriko ni habari nyingine, hilo lina mengi ya kukaguliwa kabla ya kengele ya mkanda.

Kifungio nacho kina maadui zake: sarafu, makombo ya biskuti, na vijiti vya pipi ambavyo watoto huvisukuma ndani kana kwamba ni benki. Ukisikia ulimi hauingii kwa mlio safi wa "kta", usimimine mafuta. Mafuta yanashika vumbi na swichi inazidi kuganda. Kiangalie kwa tochi, geuza, tikisa, puliza kwa upepo wa kompresa kwa mbali. Ikishindikana kilete.

Klipu za foleni

Vijana wanauza kwenye foleni vile vibati vyenye umbo la ulimi wa mkanda. Unachomeka, kengele inanyamaza. Tunaelewa kwa nini vinauzika. Lakini kwenye magari mengi ile swichi ya kifungio haizungumzi na kengele peke yake. Inazungumza pia na kompyuta ya eabegi. Baadhi ya magari huamua eabegi ifumuke kwa mgongano wa nguvu kiasi gani kwa kutazama kama mtu amefunga mkanda au hajafunga. Ukichomeka kibati umeliambia gari uongo. Na eabegi ilibuniwa imsaidie mtu aliyeshikwa na mkanda, si kumpokea anayerushwa mbele. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa waliokaa siti za mbele kwa asilimia 45 hadi 50. Kibati hakipunguzi chochote.

Uchovu wa watu na kengele hizi si wa leo, wala si wa kwetu tu. Marekani iliagiza magari ya mwaka 1974 yasiwake kabisa mpaka waliokaa mbele wafunge mikanda. Watu waliweka mfuko wa sokoni au mbwa kwenye siti, gari likagoma. Kelele za wananchi zilikuwa nyingi kiasi kwamba kabla mwaka haujaisha Bunge lao lilipitisha sheria ya kuufuta utaratibu huo, na mlio wa lazima ukawekewa kikomo cha sekunde nane. Kwa miaka mingi ulibaki hivyo. Siku hizi mwelekeo ni kinyume: Ulaya tangu Septemba 2019, na Japani tangu Septemba 2020, aina mpya za magari lazima ziwe na onyo la mkanda hata kwa siti za nyuma. Magari hayo yanaingia bandarini kwetu kama mtumba, kwa hiyo kengele za nyuma zinakuja, pamoja na maswali yake. Kiti cha mtoto kilichofungwa kwa vyuma vya siti, kwa mfano, kinaweza kuonekana kama mtu asiye na mkanda. Hapo soma kitabu cha gari lako, maana kila kampuni ina maelekezo yake.

Sasa kuhusu kukata waya. Chini ya siti za mbele kuna soketi za njano. Rangi hiyo ni ya mfumo wa eabegi, na siti nyingi zina eabegi ya ubavuni ndani ya mgongo wake. Hazichomolewi swichi ikiwa imewashwa, hazichokonolewi kwa taa ya majaribio, wala hazipimwi kwa mita kama waya wa honi. Sisi tunatoa kwanza waya hasi wa betri na kusubiri. Toyota wanataka angalau sekunde 90. Fundi akiingiza mkono kule chini huku redio inaimba, mtoe.

Kwa wenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, kuna jambo la ziada. Mengi yana taa inayosema eabegi ya abiria imezimwa. Sensa ya siti kwenye magari hayo hupima uzito, na ndiyo inayoamua kama eabegi itafumuka kwa aliyekaa. Taa hiyo ikiwaka mtu mzima akiwa amekaa sawasawa, usichelewe. Na siti hizo zikifunguliwa au kubadilishwa, mara nyingi lazima mfumo uwekwe upya kwa kompyuta siti ikiwa tupu, la sivyo hesabu ya uzito inakuwa ya uongo.

Tunavyofanya hapa

Tunapima kwa kompyuta kwanza, kisha kwa mkono. Ada ya upimaji ni moja kwa magari yote, na ukitengenezea kwetu inakatwa kwenye bili. Kazi nyingi huishia kwenye kusafisha soketi au kuunga waya uliochubuka, na hizo unasubiri ukiwa hapo hapo. Sensa ikiwa imekufa, kwa kawaida imegandishwa kwenye sponji, kwa hiyo tunabadilisha sponji yake nzima ya kukalia. Ya mtumba inafaa ikitoka kwenye modeli na mwaka ule ule, na tunaipima kabla ya kuifunga.

Vifungio vya mtumba tunavichagua kwa makini zaidi. Baadhi vina kifaa kinacholipuka ili kukaza mkanda wakati wa ajali, na kikishatumika hakirudi tena. Kifungio kilichonywea, kifupi kuliko cha siti nyingine ya mbele, kimetoka kwenye gari lililopata ajali. Ukiuziwa hicho kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, kirudishe. Na kwa wanaoomba tuzime mlio wa abiria kupitia kompyuta: hatufanyi, hata kwa kulipwa zaidi.

Ukija, acha siti ya abiria ikiwa tupu, usilioshe gari ndani siku hiyo, na kama siti zimewahi kushonwa upya tuambie mapema. Kwa kufungua siti njoo asubuhi, kwa sababu sponji iliyolowa tunaikausha kwanza.