Okoeni nyimbo za redioni zilizomo kwenye kaseti

Mhariri,

Wapenzi wa zilipendwa wengi wana kaseti walizorekodi redioni, zenye sauti ya mtangazaji iliyoingilia mwanzo wa wimbo. Hizo hazipatikani kwenye intaneti, na utepe unachakaa.

Kabla ya kucheza, zungusha kaseti mbele hadi mwisho, kisha irudishe, ili mkazo wa utepe uwe sawa. Safisha hedi (kichwa cha kinasa kinachosoma utepe) na kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe kwa pamba yenye alkoholi isiyo na mafuta wala manukato, ukaache pakauke. Kigurudumu kikiwa kigumu na chenye kung'aa, kibadilishe. Ndicho hutafuna utepe. Kaseti za dakika 120 ndizo korofi zaidi kwa kuwa utepe wake ni mwembamba mno.

Sauti ikiwa imefifia kama imefunikwa blanketi, usikimbilie kuongeza trebo (sauti za juu). Mara nyingi hedi imekaa upande. Pembeni yake kuna skrubu ndogo: izungushe polepole sana, robo mzunguko haifiki, hadi matoazi yasikike vizuri. Kila kaseti huenda ikahitaji marekebisho yake.

Ili kuhamishia nyimbo kwenye kompyuta, iunganishe na kinasa cha kaseti kwa waya, si kwa maikrofoni. Hifadhi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), ubora wa hezi 44,100 na biti 16, vilele vya sauti (pale inapopanda zaidi) visizidi desibeli -6. MP3, yaani faili dogo lililobanwa, itengenezwe baadaye, kutoka kwenye nakala hiyo.

Na sauti ya mtangazaji msiikate, jamani! Ndiyo nusu ya utamu.

Mpenzi wa zilipendwa